Miisho ya Nyimbo

Kwanza nilihesabu: santuri mia tatu na kumi na mbili,
na mbili zaidi zilizopinda kama chapati
mwaka ule bati la stoo lilipotoboka.
Zote ziliingia Arua kwa baiskeli, kutoka Ariwara,
chini ya magunia ya muhogo mkavu,
na afisa wa Vurra alikuwa akigonga gunia kwa fimbo,
akiuliza: Muhogo gani huu wenye sauti?

Ocokoru, binti wa dada yangu, alikuja na kompyuta
na boksi jembamba jeusi, vitufe kama meno ya mtoto.
Akasema: Mjomba, wimbo utapita humu kwa mwendo wake.
Haukimbizwi. Dakika saba ni dakika saba.
Wewe kaa nao, mimi nitaandika majina.

Tukakaa. Usiku arobaini, kama tuliofiwa,
au zaidi, maana umeme ulitupa usiku mmoja, ukatunyima wa pili.
Napiga, ananakili. Napuliza vumbi, ananakili.
Hata vumbi lenyewe alilinakili,
lile la chini ya sindano,
karanga zikikaangwa chumba cha pili.
Akauliza kama alifute.
La, nikamwambia. Hilo ni la mtaa wa Oli. Liache.

Na hapo ndipo jambo liliponipata.

Miaka ishirini na sita nimepiga nyimbo hizi
na sikuwahi kusikia hata mmoja ukiisha.
Kazi yetu ni kukata mapema.
Gitaa linapoanza kuaga, mkono wa kushoto
tayari uko juu ya santuri nyingine,
sikio moja huku, sikio moja kule,
unauogopa ule ukimya mdogo
kama mwizi anavyoogopa kikohozi.

Sasa nasikia.
Kuna wimbo ambao mwishoni mtu anacheka, mbali na kipaza sauti.
Kuna mwingine, mpiga ngoma anagonga mara moja zaidi, peke yake,
kama aliyechelewa kuambiwa.
Na kuna ule tuliouita Kiatu,
kwa kuwa jalada lake lilipotea
na Kilingala chetu kiliishia kwenye salamu;
ule niliompigia Zaitun,
usiku alioondoka sakafuni na mtu wa malori.
Mwisho wake mwanamume anasema neno moja, taratibu.
Nilirudisha sindano mara nne.
Faili limeharibika? akauliza Ocokoru.
Nikasema: Ndiyo.

Jumamosi tulikuwa na harusi, Mvara.
Sikubeba kreti. Mgongo ulishukuru
kabla mimi sijajua kama nashukuru.
Ile sarafu ya mia mbili niliyokuwa nikiigandisha
juu ya kichwa cha sindano, isiruke watu wakikanyaga,
ilikuwa mfukoni, haina kazi, ina joto.

Saa tano umeme ukakatika.
Zamani tungejua. Sahani huzunguka ikichoka,
sauti ya mwimbaji inazama, inakuwa ya mzee, ya ng'ombe, ya shimo,
watu wanaguna naye, wanacheka, wanashikana viuno gizani,
na umeme ukirudi, wimbo unapanda
kutoka palepale ulipozama.
Santuri ilikuwa ikitungoja.

Safari hii, kimya. Kama mlango.
Spika zimekufa, lakini kompyuta ina betri yake,
na kwenye kioo niliuona wimbo unakwenda,
mstari wa kijani ukitembea bila sisi,
Kiatu kizima, mpaka jenereta iliponguruma
na spika zikafunguka mwishoni kabisa,
bi harusi ameinua mguu mmoja,
juu ya lile neno.

Mkono wangu wa kushoto ulijua la kufanya.
Niliutia mfukoni, pamoja na sarafu.
Nikauacha ule ukimya mdogo upite
katikati ya watu mia mbili waliosimama.

Kisha mtu, kule nyuma:
Wee! Umelala?